Injini inayomisi halafu inaacha: nilivyoisaka kwenye pikapu ya zamani

Injini inayomisi, yaani inayokosa kuwaka kwenye silinda, muda wote haisumbui kama ile inayomisi ikijisikia. Ile ya muda wote unachomoa waya za plagi moja moja, unakuta kuna silinda ukiichomolea waya hakuna kinachobadilika, basi ushajua pa kuanzia. Hii ya kuja na kuondoka ndo inayotesa watu, maana ukiipeleka gereji inanguruma vizuri kabisa, fundi anafungua boneti, anasikiliza, anakanyaga mafuta mara mbili tatu, anakwambia mbona iko poa hii, unalipa unaondoka, ukifika tu barabara iliyonyooka inaanza tena, inashtuka, inakata, inarudi.

Yangu ni pikapu ya zamani, petroli, silinda nne, ya kabureta, distributa yake (kile kinachogawa moto kwa kila plagi) ni ya elektroniki isiyo na pointi. Haina kompyuta ya kuchomeka mashine ikusomee kosa. Magari yaliyouzwa Marekani kuanzia modeli za 1996 yana soketi ya OBD-II, na mashine inaweza kukuandikia P0302 ukajua ni silinda ya 2, au P0300 yaani zinamisi ovyo bila mpangilio. Yangu ni ya kabla ya mambo hayo. Ila hata mwenye mashine asijifariji sana, P0300 inakwambia kwamba inamisi, haikwambii kwa nini, na hapo unabaki na kazi ileile niliyokuwa nayo mimi.

Ugonjwa ulikuwa hivi: nikiwasha asubuhi safi, ikiwa sailensa (inanguruma tu bila kukanyagwa mafuta) safi, kupanda kilima na mzigo safi, ila nikishafika tambarare nikaweka gia ya juu nikaacha mguu umegusa pedeli kidogo tu ili spidi isishuke, ndo inakata. Inakata kama mtu kazima swichi na kuwasha, mara nyingine inapiga na mlio kwenye bomba la moshi inaporudi. Nikikanyaga zaidi inaacha. Nikiachia kabisa inaacha.

Kila niliyemwambia alikuwa na spea yake anayoiamini. Plagi hizo. Hapana, waya za plagi. Kabureta ina uchafu. Mafuta mabaya. Na kila mmoja ana kisa cha gari iliyopona kwa kubadilisha hicho anachosema, na siwalaumu, kwa sababu ugonjwa wa kuja na kuondoka ukibadilisha chochote unaweza kukaa siku kadhaa bila kuuona ukaapa umepona kwa dawa hiyo. Ndo maana mimi naona kubadilisha spea kwa kubahatisha kwenye misi ya aina hii ni ramli kabisa, si kwa sababu ya hela peke yake, ni kwa sababu unavuruga ushahidi. Umebadilisha vitu vitatu, ugonjwa umepungua, sasa ni kipi kilichosaidia? Halafu spea mpya nazo zinakuja mbovu siku hizi, unaongeza ugonjwa wa pili juu ya wa kwanza.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa siku nyingi, hakufungua hata boneti, aliniuliza tu, "Mwanangu, inakata yote au inakata mmoja?" Nikamwambia mzee sijakuelewa. Akasema nenda kaendeshe, isikilize, ukijua hilo rudi.

Swali hilo lina uzito sana na nataka nilieleze taratibu. Injini ya mipigo minne kila silinda inawaka mara moja kwa kila mizunguko miwili ya krenki, ile shafti kuu ya injini. Kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika kila silinda inawaka mara 1,500 kwa dakika, yaani mara 25 kwa sekunde, na zote nne kwa pamoja mara 100 kwa sekunde. Silinda moja ikikosa kuwaka mara moja hapo katikati huwezi hata kuisikia vizuri, ikiwa imekufa kabisa utasikia mtikisiko wenye mdundo, pu-pu-pu, unaofuata mzunguko wa injini, ukiongeza mafuta na mdundo unaongezeka. Lakini kama gari inashtuka mpaka kichwa kinaenda mbele, kwa nusu sekunde hivi, hapo umekosa mipigo kama hamsini ya silinda zote. Plagi moja haiwezi kufanya hivyo. Waya mmoja wa plagi hauwezi. Hicho ni kitu ambacho silinda zote zinakitegemea: koili inayozalisha umeme mkubwa wa cheche, waya mkuu unaotoka kwenye koili kwenda kwenye distributa, rota inayozunguka ndani ya distributa, igneta (kifaa cha elektroniki kinachokata na kuwasha umeme wa koili), sensa iliyo ndani ya distributa, umeme unaotoka kwenye swichi, au mafuta. Orodha yote ya plagi na waya na valvu na kampresheni imeshuka mwisho wa foleni kwa swali moja, bila kushika spana.

Yangu ilikuwa inakata yote. Nikarudi nikamwambia. Akasema haya, sasa tafuta ni moto au mafuta.

Mafuta yakikosekana huwa injini inalegea kwanza, inapoteza nguvu pole pole, inavuta kwa shida, kwa sababu kwenye chemba ya kabureta kuna akiba kidogo inayoisha taratibu. Moto ukikosekana hakuna kulegea, ni kipo, hakipo. Na ule mlio kwenye bomba ni ushahidi mkubwa: wakati moto umekata, kabureta inaendelea kumimina, mchanganyiko ambao haujaungua unasukumwa kwenye bomba la moshi lenye joto, moto ukirudi unalipukia humo. Mafuta yakikata hakuna cha kulipuka. Kwa hiyo nilikuwa nimeegemea moto, ila nilitaka nione kwa macho, maana kuegemea siyo kujua.

Gari yenye geji ya mizunguko hapo mambo ni rahisi. Kwenye magari mengi ya zamani geji ile inasoma ishara kutoka upande hasi wa koili. Ikimisi angalia sindano: ikidondoka ghafla kuelekea sifuri wakati magurudumu bado yanazungusha injini, basi upande wa umeme mdogo wa koili umekata. Sindano ikifuata injini kwa utulivu, tafuta kwingine, mafuta au upande wa umeme mkubwa. Ni kipimo cha bure kabisa kipo kwenye dashibodi na watu wanakipita kila siku.

Yangu haina geji hiyo. Nikachukua taa ya taimingi, ile yenye kibano unachobana juu ya waya, nikabana kwenye waya mkuu wa koili, nikapitisha nyaya zake mbali na feni na mkanda nikazifunga vizuri, boneti ikafungwa kwa uangalifu zisibanwe, taa ikaingia ndani kupitia dirishani. Mdogo wangu akaendesha, mimi nikaishika taa chini miguuni kwangu isimmulike usoni, nikawa naangalia tu. Taa inamweka kwa kila cheche inayopita kwenye waya ule, kwa spidi hiyo unaona kama mwanga unaotetemeka usiokatika. Tukafika tambarare, mguu mwepesi, gari ikashtuka, na pale pale giza. Taa imezimika. Ikarudi, gari ikarudi. Ikarudia tena na tena, kila mshtuko na giza lake. Kuanzia dakika hiyo sikutaka tena kusikia habari za kabureta.

Mnaofanya hivi naomba mtu mwingine aendeshe, usijaribu kuendesha huku unaangalia taa.

Kilichofuata ni kujua kama umeme unafika kwenye koili. Nikachukua balbu ndogo ya volti 12, waya mmoja kwenye upande chanya wa koili, mwingine kwenye bodi, balbu ikaning'inia ndani ya kabini. Safari ileile, mshtuko uleule, balbu haikupepesa hata kidogo. Kwa hiyo swichi ya kuwashia, fusi, soketi za njiani, zote ziko sawa, umeme unafika. Ningeona balbu inazimika pamoja na gari ningejua ni swichi au soketi iliyolegea, na hiyo ni ya kawaida sana kwenye gari kuukuu, hasa zile ambazo funguo zake zimening'inizwa na rundo zito linalovuta swichi chini kila siku.

Zikabaki koili, igneta, na ile sensa ndogo ya sumaku ndani ya distributa inayoiambia igneta lini ikate umeme wa koili. Nikapima zote na mita gari ikiwa imezimwa. Zote nzima. Koili namba zake ziko ndani ya kiwango cha kitabu, sensa iko ndani ya kiwango. Na hapa ndipo wengi wanakwama, kwa sababu kitu kikipimwa kikaonekana kizima tunakifuta kwenye orodha, wakati tumekipima kimelala, kimepoa, hakitikisiki, hali ambayo hata gari yenyewe haimisi. Kitu kinachokufa kikiwa na joto kipime kina joto. Kinachokufa kikitikisika kipime unakitikisa. Kipimo cha hali nyingine hakikuambii kitu.

Mzee aliporudi kuulizwa akaniuliza swali la pili, lini. Siyo tarehe, lini kwa maana ya injini inafanya nini wakati huo. Nikamwambia tambarare, mguu mwepesi. Akanyamaza kidogo akasema, "Chomoa mpira wa advansi, uzibe, halafu ukaendeshe."

Kwa asiyejua: pembeni ya distributa za namna hii kuna kopo la duara, ndani yake kuna diaframu ya mpira, na kuna mpira mwembamba unatoka hapo kwenda kwenye kabureta. Mguu ukiwa mwepesi kibati cha kabureta kinakuwa kimefunguka kidogo tu, injini inavuta hewa kwa shida, vakyumu (mvuto wa hewa) inakuwa kubwa, inavuta diaframu, diaframu inavuta sahani iliyobeba sensa, taimingi (wakati wa kupiga cheche) inatangulia, gari inakula mafuta kidogo. Ukikanyaga sana kibati kinafunguka, vakyumu inapungua, sahani inarudi. Ikiwa sailensa, kwenye kabureta nyingi tundu la mpira ule liko juu kidogo ya kibati kilichofungwa, kwa hiyo hakuna mvuto, sahani imetulia. Sasa soma ugonjwa wangu upya: sailensa safi, kilima safi, mguu mwepesi inakata. Ni ramani kamili ya lini sahani ile inasogea.

Nikachomoa mpira, nikaziba ncha ya upande wa kabureta kwa bolti ndogo isije ikavuta hewa ya pembeni, nikaenda barabara ileile. Hakuna mshtuko. Nikaenda mbali kuliko kawaida makusudi, hakuna. Nikarudisha mpira, nikageuza, kabla sijamaliza kushika spidi imekata.

Nyumbani nikafanya mbili za kuhakikisha. Ya kwanza, injini sailensa, pampu ya mkono ya vakyumu kwenye lile kopo, nikavuta pole pole: sindano ilipofika katikati injini ikashtuka, nikavuta zaidi ikazima kabisa. Ya pili, injini imezimwa, soketi ya sensa imechomolewa, mita kwenye nyaya zake mbili. Imetulia inasoma mia kadhaa za omu, kama kitabu kinavyotaka. Nikavuta vakyumu, sahani ikaanza kugeuka, namba zikaanza kucheza, halafu mita ikaonyesha waya umekatika. Nikaachia, mia kadhaa tena. Ndugu zangu, ile furaha siwezi kuieleza, ugonjwa ambao ulikuwa unajificha barabarani sasa nauita kwa mkono wangu na unaitika.

Nikatoa kepu, yaani mfuniko wa distributa, na rota. Nyaya mbili nyembamba zinatoka kwenye sensa zinakunja kona kabla ya kutoka nje ya distributa, na kwa miaka yote kila ukikanyaga na kuachia zinakunjwa na kukunjuliwa mahali palepale. Kwa macho zilikuwa nzima, ngozi ya nje haina ufa. Nikashika mmoja kwa vidole viwili kila upande wa ile kona nikavuta polepole: waya mzima hauvutiki, shaba inaukaza. Huu ulirefuka. Ngozi ilikuwa inanyumbuka tupu, ndani shaba imekatika nyuzi zote, ncha mbili zinagusana zikiwa zimetulia na kuachana zikivutwa. Nikaichana kwa wembe, ncha za shaba zilikuwa nyeusi, zimechongoka. Ndiyo hiyo iliyokuwa inakata cheche mia kwa sekunde.

Kurekebisha, njia safi ni sensa mpya. Ukiamua kubadilisha waya tu kama mimi, usiweke waya wowote ulio karibu. Chukua wenye nyuzi nyingi nyembamba sana na ngozi laini inayovumilia joto na oili. Kama unaunga kwa risasi, unga mbali na ile kona, kwa sababu risasi inapanda ndani ya nyuzi na kuukaza waya, na waya uliokazwa ukikunjwa unakatika pale risasi inapoishia, utarudi kwenye ugonjwa huohuo mapema sana. Acha urefu wa kutosha sahani igeuke mwisho hadi mwisho bila kuvuta, ila usiwe mrefu wa kugusa shafti. Safisha sahani, itie tone la oili nyepesi, mara nyingi imekauka na inagoma. Nafasi kati ya sensa na meno ya shafti pima kwa geji ya shaba, ya chuma inanaswa na sumaku ya sensa na kukudanganya. Yangu kitabu kinataka milimita 0.2 hadi 0.4. Na kama unaitoa distributa nzima, weka alama kwanza, rota inaelekea wapi na bodi ya distributa iko wapi kwenye bloku, ukirudisha waya za plagi fuata mpangilio wa moto wa injini yako, silinda nne nyingi za mstari ni 1-3-4-2 lakini soma yako, usikariri.

Swali hilo la lini nimelitumia kwenye magari mengine ya watu na linafanya kazi hata sehemu ambazo hazihusu distributa. Inamisi asubuhi yenye unyevu au baada ya mvua, halafu injini ikishapata joto inaacha: angalia kepu ya distributa kwa ndani, tafuta kimstari cheusi chembamba kama nywele kutoka nguzo moja kwenda nyingine, hiyo ni njia ambayo moto umejichongea, na haisafishiki ikapona, badilisha kepu. Usiku, gizani kabisa, nyunyizia ukungu wa maji waya za plagi injini ikiwa inanguruma, waya mbovu utauona unarusha cheche za buluu kwenye chuma. Mikono mbali, umeme huo ni maelfu ya volti.

Inamisi kwenye kilima na mzigo tu: hapo kwenye silinda kuna mgandamizo mkubwa na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuruka pengo la plagi, kwa hiyo plagi zilizochakaa pengo, waya zilizozeeka, koili dhaifu, zote zinajitokeza hapo. Ndo maana ile tabia ya kutoa plagi, kuigusisha kwenye chuma na kusema moto upo, mimi siiamini. Cheche kuruka kwenye hewa ya kawaida ni kazi ndogo sana ukilinganisha na ndani ya silinda. Tumia testa ya cheche yenye pengo kubwa.

Inaenda vizuri muda mrefu halafu inaanza kukosa nguvu na kumisi, ukisimama kidogo inapona: hiyo sasa ni tabia ya mafuta. Legeza mfuniko wa tangi ukisikia hewa inaingia kwa nguvu, tundu la kupumulia limeziba na tangi linajivuta lenyewe. Cheki pia mipira ya mafuta upande wa kabla ya pampu, iliyozeeka inalainika na kujifunga ikivutwa.

Inamisi sailensa tu na ukiongeza mafuta inatulia, tafuta hewa inayoingia pembeni, gasket ya manifoldi, mipira ya vakyumu iliyopasuka. Wengi wanapulizia kisafishia kabureta kusikiliza injini ikibadilika, kinawaka moto kirahisi sana, mimi kwenye injini yenye joto natumia maji.

Na kama una distributa kama yangu, umeziba mpira wa advansi na bado inakata yote, taa inazimika na balbu haizimiki, rudi kwenye igneta. Cheki kwanza inavyofungwa kwenye bodi, kwa sababu nyingi zinapata hasi yake kupitia skrubu za kufungia, kutu ikikaa hapo inakata ovyo kama imekufa. Fungua, piga msasa chuma king'ae, funga. Kisha ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele injini ikiwa inanguruma, ikizima ikiwa na joto na kuwaka tena ikipoa, hiyo ndiyo.